Tufe Chini ya Dishi

Mtaalamu wa anga alifika saa tatu kasoro robo asubuhi, viatu vyake vikiwa safi kama vya bwana harusi. Alipita chini ya utepe wa polisi bila kuomba ruhusa, akapiga magoti mbele ya tufe.

"Ni lenyewe," alisema. "Afande, hili ni lenyewe kabisa."

Inspekta alikuwa amesimama hatua nne nyuma, mikono mfukoni, akitazama nyasi.

Tufe lilikuwa la chuma cha kijivu, kubwa kama mtungi wa maji, upande mmoja umeungua na kubaki na madoa meusi. Lilikuwa limelala chini ya dishi la kituo cha zamani cha kufuatilia setilaiti, kilomita sita nje ya mji, mahali ambapo sauti pekee ilikuwa ya upepo ukipita kwenye waya za uzio. Jana yake, Jumatano, pembeni ya tufe hilo ilikutwa maiti ya mzee aliyekuwa akiishi kituoni peke yake. Watu walimwita Mzee Masafa, kwa sababu umri wake wote ulikwisha katika kuhangaika na masafa ya redio. Alikuwa fundi mitambo tangu kituo kinafunguliwa. Kilipofungwa, miaka kumi na minane iliyopita, wenzake walitawanyika, yeye akabaki na funguo. Hakuna aliyemwambia abaki. Wala hakuna aliyekuja kumwambia aondoke.

Maiti ilikuwa na jeraha kichwani. Tufe lilikuwa kando yake. Na alfajiri ya Jumanne nusu ya mji iliona kipande cha roketi kikipasua mbingu kwa mkia wa moto. Watu walijumlisha wenyewe. Magazeti ya asubuhi hii yalikuwa na kichwa kimoja tu cha habari: anga limeua mtu.

"Nieleze," alisema Inspekta. "Hili ni nini hasa?"

"Tangi la gesi," Mtaalamu alijibu, macho yakimng'aa. "Roketi hubeba matangi kama haya ili kusukuma mafuta kwenye injini. Metali yake haiyeyuki upesi. Mwili mzima wa roketi unaweza kuteketea njiani, tufe likafika chini zima."

"Na huanguka mara nyingi?"

"Siku hizi? Zamani roketi ikirushwa ilikuwa habari ya dunia nzima, watu waliacha kazi kusikiliza redio. Sasa hivi ni kila baada ya siku mbili tatu. Setilaiti zilizoko juu ni maelfu, Afande. Roketi nyingine hurudi na kutua wima kama kuku anashuka mtini. Lakini vipande vya juu vingi bado huachwa vianguke vyenyewe."

"Likifika chini linakuwa na mwendo gani?"

"Hewa hulipunguza. Tuseme gari linalokimbia barabara kuu."

"Uzito?"

"Kilo tisa, kumi."

Inspekta aligonga ardhi kwa kisigino. Haikuwa ngumu sana. Kisigino kiliacha alama.

"Sajini, liinue."

Sajini, mtu mzima aliyebakiza miezi mitatu kustaafu, alivaa glavu huku akiguna, akalipakata tufe. Chini yake nyasi zilikuwa zimelala, mbichi bado. Hapakuwa na shimo. Hapakuwa hata na bonde la kutosha kikombe cha chai.

"Labda lilimpiga mzee kwanza," alisema Mtaalamu, sauti imepungua kidogo. "Likaishiwa nguvu."

"Kilo kumi, mwendo wa barabara kuu, kichwani," alisema Sajini. "Mtaalamu, huyo mzee tungemkusanya kwa chepe."

Inspekta alimtupia jicho Sajini. Kisha yeye mwenyewe akachuchumaa, akaligeuza tufe mikononi mwa Sajini mpaka akaona tundu lake, pale ambapo zamani bomba lilichomekwa. Tundu lilikuwa limezibwa. Alichokonoa kwa ncha ya kalamu. Udongo mkavu ulimomonyoka, na ndani yake mkatokea vijumba vidogo vilivyopangana kama vyumba vya kupanga.

"Hii nayo imetoka angani?"

Mtaalamu aliinama, akatazama kwa muda mrefu.

"Hicho ni kiota cha nyigu," alisema mwishowe.

"Nyigu wa udongo. Huchukua muda gani kujenga nyumba ya vyumba sita, na watoto wakakua, wakaruka, na udongo ukakauka hivi?"

Mtaalamu alisimama, akajifuta magoti. "Si siku mbili," alikiri. Alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa kwamba harusi imeahirishwa.

*

Kijumba cha mzee kilikuwa chumba kimoja kilichokuwa zamani ofisi ya zamu. Kitanda kimoja, sahani moja, kikombe kimoja, kiti kimoja. Kiti cha pili kilikuwepo, lakini kilibebeshwa redio ya mawasiliano, na vumbi la miguu yake lilionyesha kwamba hakijasogezwa siku nyingi. Ukutani, kamba ya kuchajia simu ilining'inia kwenye soketi.

"Simu yake?" aliuliza Inspekta.

"Hatujaiona. Mfukoni haikuwepo, humu haimo."

Juu ya meza palikuwa na daftari. Inspekta alilifungua, akasoma akiwa amesimama. Kila siku ilikuwa na mstari wake: tarehe, saa, jina la setilaiti, upande iliotokea, upande iliozamia. Kila siku. Alirudi nyuma mwaka mzima na hakuona siku iliyorukwa, hata ile ambayo mzee aliandika "homa kali" na bado akaandika setilaiti mbili. Mstari wa mwisho ulikuwa wa Jumapili: "Saa tisa alasiri. Kusafisha dishi. Watu wanajiandaa kurudi mwezini, tusije tukaaibika."

Jumatatu hapakuwa na kitu.

"Sajini. Roketi ilipita lini?"

"Jumanne, saa kumi na moja alfajiri."

"Mtu anayeandika hata akiwa na homa, Jumatatu nzima alikuwa wapi?"

Sajini alikuna kidevu.

Ghala lilikuwa nyuma ya kijumba, limefungwa kwa kufuli. Funguo hazikuonekana. Walilivunja. Ndani mlikuwa na harufu ya mafuta na panya, mitambo iliyofunikwa maturubai, na rafu ndefu iliyopangwa vitu kama vya maonyesho: kofia ya kazi, picha za watu wenye suruali pana wakicheka mbele ya dishi jipya. Katikati ya rafu palikuwa na pengo. Vumbi lilikuwa limetanda kila mahali isipokuwa hapo, na pengo lilikuwa la mviringo.

Nyuma ya mlango ilisimama ngazi ndefu ya mbao. Inspekta alishika miguu yake. Udongo wake ulikuwa na unyevu bado, na jani bichi limenasa. Alitoka nje nayo, akaenda mpaka chini ya dishi, akaisimamisha. Miguu iliingia kwenye vishimo viwili vilivyokuwa vikiisubiri, sawasawa kabisa.

"Mzee alipanda," alisema Inspekta. "Akaanguka. Nitakubali hayo. Kisha nani alirudisha ngazi ghalani na kufunga kufuli?"

"Kuna mtu mmoja hapa mjini aligombana naye mwezi uliopita," alisema Sajini. "Mnunuzi wa vyuma chakavu. Wanamwita Sumaku. Alitaka nyaya za dishi, mzee akamfukuza kwa ufagio mbele za watu."

*

Sumaku aliwapokea akiwa amekalia injini ya trekta, shati wazi. Alipowaona alisimama upesi.

"Afande, mimi nanunua chuma. Sinunui kesi."

"Uligombana na Mzee Masafa."

"Nilifukuzwa kwa ufagio. Kugombana ni kwa watu wawili."

"Baada ya hapo ulirudi?"

Sumaku alitazama huku na huku kama anatafuta njia ya kutokea. "Nilirudi," alisema. "Wiki ile ile. Nilisema labda hasira zimepoa. Akanikaribisha chai. Afande, nilikaa saa tatu! Kila nikiinuka ananishika mkono, 'Subiri kwanza, hujasikia hii.' Akanieleza namna walivyosikiliza watu wakiwa njiani kwenda mwezini, sauti zinakuja na kukatika, yeye ndiye ameshika mtambo. Mimi nilikwenda kuomba nyaya, nikatoka na habari za mwezini."

"Alikuonyesha ghala?"

"Kila kitu. Akanipakatisha lile tufe kama mtoto mchanga. Aliniambia lilianguka shambani kwa watu wakati yeye ni kijana, wenyewe wakaliogopa, wakalipeleka kituoni kwa mkokoteni."

Sajini na Inspekta walitazamana.

"Una hakika ni hili lililo magazetini?"

"Doa lake jeusi lina umbo la ndizi. Nilipoliona gazetini nikashangaa peke yangu. Limekaa rafuni miaka yote, lije liue mtu leo?"

"Kwa nini hukuja kusema?"

"Nije kituo cha polisi, mimi, na huu mkokoteni wangu?" Sumaku alicheka bila furaha. "Maneno yangefika jioni, mimi ningefika mahabusu asubuhi."

Inspekta hakubisha. Alimuuliza swali moja tu la mwisho: mzee alikuwa akitembelewa na nani mwingine?

"Na binti yake, muuguzi wa hospitali kuu. Hakunitajia mwingine."

Walikuwa bado garini mbele ya karakana ya Sumaku simu ya Inspekta ilipoita. Alikuwa daktari wa chumba cha maiti, mtu asiyependa salamu ndefu.

"Jeraha la kichwa ni la juu juu," alisema. "Halikugusa mfupa. Kilichovunjika ni nyonga. Viwiko vimechubuka, kucha zimejaa udongo. Huyu mtu alitambaa, Inspekta. Mita kama kumi."

"Alikufa lini?"

"Jumatatu. Jioni, si zaidi. Damu ilivuja ndani, na kiu ikamalizia."

Inspekta alikata simu. "Roketi ilipita juu ya mtu aliyekwisha kufa," alimwambia Sajini. "Hakuna aliyempiga. Lakini kuna aliyemkuta, akaona aibu kumwacha alivyokuwa."

"Aibu?"

"Muuaji angeichukua redio au angekimbia. Huyu alirudisha ngazi mahali pake. Ni mtu anayejua vitu vya nyumba ile vinakaa wapi."

Ofisi ya kampuni ya simu iliwaweka saa nzima kwenye viti vya plastiki kabla ya kuwapa karatasi. Inspekta aliisoma kuanzia chini. Jumapili, kati ya saa tisa na nusu alasiri na saa mbili usiku, simu ya mzee ilipiga mara kumi na mbili. Mara kumi na moja ilipiga namba moja, haikupokelewa. Mara moja ilipiga namba ya mezani.

"Hii ya mezani ni ya nani?" aliuliza Sajini.

Mhudumu alitafuta kwenye kompyuta yake. "Haipo hewani," alisema. "Ilikuwa ya ofisi kuu ya kituo cha setilaiti. Ilikatwa miaka kumi na minane iliyopita."

Sajini aliikunja ile karatasi taratibu, akaikunja tena, akaiweka kwenye mfuko wa shati.

*

Binti aliwafungulia mlango mwenyewe. Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili nyuma ya hospitali. Sare nyeupe iliyopigwa pasi ilining'inia mlangoni, na mezani palikuwa na chakula kilichofunikwa ambacho hakijaguswa. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Pole na msiba, dada," alisema Inspekta.

"Asante, Afande. Karibuni mketi."

"Jana ulifika kwa baba saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi. Niliandika kwenye maelezo."

"Na polisi ulipiga simu kutuarifu saa sita."

Binti alikisogeza kando kile chakula kilichofunikwa.

Inspekta alitoa mfuko wa nailoni, akauweka juu ya meza. Ndani yake mlikuwa na kile kiota cha udongo. Kando yake akaweka karatasi ya kampuni ya simu, akainyoosha mikunjo.

"Tufe lilikuwa rafuni, nyigu walikwisha kulifanya nyumba. Baba yako alifariki Jumatatu, roketi ilipita Jumanne. Kufuli la ghala lilifungwa na mwenye ufunguo. Sijaja kukutega. Nataka unieleze wewe, kwa maneno yako."

Binti aliitazama karatasi lakini hakuigusa.

"Alikuwa akinipigia kila siku," alisema. "Kila siku, Afande. 'Mwanangu, toka nje, tazama magharibi, saa moja na dakika nane.' Mimi niko wodini, nimeshika mtoto wa watu anatapika, baba ananiambia nitoke nikaangalie setilaiti. Mwanzoni nilikuwa natoka. Baadaye nikawa naitikia tu. 'Nimeiona, baba.' Wala sijaiona. Mwezi uliopita nikainyamazisha namba yake. Nikajiambia nitamfuata mwisho wa wiki. Ukapita. Nikasema ule mwingine."

"Na jana?"

"Nilisikia habari za roketi. Nikasema leo mzee atakuwa na raha, acha niende akanielezee. Nilinunua mkate. Nilimwita kutoka getini. Nikaona kwanza viatu."

Inspekta alisogeza kiti chake karibu na meza.

"Nilikaa naye chini. Nikatoa simu yangu, nikafungua ujumbe wake, wote. Ndipo nikaona zile simu. Sikuwaza sana, Afande. Nilirudisha ngazi, nikaleta tufe, nikafunga. Nikachukua funguo na simu yake, nikaizima."

"Kwa nini?"

"Ili isiwe mimi. Na kwa ajili yake pia. Mtu ametazama juu miaka hamsini na zaidi, leo afe chini ya ngazi, siku tatu, asijulikane? Tangu magazeti yatoke nimepigiwa na watu saba aliofanya nao kazi. Mmoja alilia mpaka akakata simu. Miaka kumi na minane, hakuna hata mmoja aliyempigia baba."

"Nipe simu, dada. Zote mbili."

Ya mzee aliitoa kwenye mfuko wa ile sare. Ilikuwa ya vitufe, imefungwa kwa utepe nyuma. Ya kwake aliifungua mwenyewe, akaisukuma mezani. Inspekta alipitia ujumbe. Ulikuwa arobaini na sita, saa na upande, saa na upande, kusini magharibi, kaskazini, "mawingu yameharibu, kesho itapita tena". Wa mwisho uliingia Jumapili saa kumi na dakika ishirini. Aliusoma kimoyomoyo, kisha akausoma kwa sauti ili Sajini aunakili.

"Nimeteleza kwenye ngazi. Najua uko zamu. Usiwaache wagonjwa. Ukimaliza ndiyo uje."

Sajini aliandika. Alipofika katikati kalamu ilisimama. Akageuza uso dirishani, akakohoa, kisha akamalizia.

"Angepona?" binti aliuliza.

Inspekta aliweka simu chini. "Wewe ni muuguzi, dada."

Binti aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyepewa majibu ya maabara aliyokwisha kuyajua.

"Mtanifunga?"

"Kuvuruga mahali pa tukio na kudanganya polisi ni kosa, na nitaliandika. Uamuzi ni wa mahakama. Leo utakuja nasi utoe maelezo mapya. Kumzika utamzika wewe, hilo nitalisimamia mwenyewe."

"Nina zamu saa kumi," alisema. "Lazima niwaambie."

"Waambie."

Sajini alimrudishia simu yake. Binti alisimama karibu na mlango, akapiga, akawapa mgongo. Upande wa pili walipokea haraka. Sauti ya mwanamke ilisikika ikianza mara moja kumpa pole, ikisema kwamba wodi nzima imesoma gazeti, kwamba ni jambo la ajabu, kwamba baba yake atakumbukwa duniani.

"Hapana," alisema binti. "Sikiliza. Si roketi." Alishika sare iliyoning'inia, akalikunja pindo lake kwenye ngumi. "Alianguka nyumbani. Alinipigia simu, mimi sikupokea."

Inspekta alisogea mbele kidogo, kisha akasimama palepale, akamwachia nafasi amalize.